Mtama na shayiri kwa nishati: nichome au nivundike?

shamba_nishati: Habari zenu wadau. Nina sehemu ya shamba nataka kuitenga kwa mazao ya nishati. Nafikiria mtama na shayiri, maana mashine za kupandia na kuvunia ninazo. Je, nikaushe nichome kwenye boila, punje na mabua pamoja? Na mabua yote niyaondoe shambani?

fundi_boila: Mkuu, joto lipo, usiwe na wasiwasi. Kilo moja ya mabua yenye unyevu wa asilimia 15 inatoa megajuli 14 hivi, hayapishani sana na kuni. Kinachosumbua ni majivu. Mabua yana potasiamu na klorini nyingi, kwa hiyo majivu yake huyeyuka mapema, yakipoa yanagandia wavu wa tanuri kama chupa iliyoyeyuka. Unayabandua kwa patasi. Klorini nayo inakula mabomba. Ukiamua kuchoma, acha mabua yanyeshewe kwanza, mvua ioshe chumvi hizo, yakishakauka ndipo ufunge marobota. Na boila iwe imetengenezwa kwa ajili ya mabua, siyo ya kuni.

tope_ni_mali: Ndugu shamba_nishati, tafadhali usichome punje. Naendesha mtambo wa bayogesi, yaani gesi ya kuwaka inayotokana na mimea inayooza bila hewa, na jambo hili linaniuma. Ukichoma, naitrojeni yote inapotelea hewani, halafu msimu ujao unanunua mbolea ya viwandani ambayo kuitengeneza kwenyewe kunameza nishati nyingi. Umezalisha nini hapo?

Vuna mmea mzima ungali na unyevu, ukatekate, uvundike sileji, yaani uushindilie bila hewa uchachuke, ndiyo ulishe mtambo. Kwa mtama nabonyeza punje kwa kucha: ikitoa maziwa, bado, ikitoa kitu kama unga uliokandwa, nakata. Hapo sehemu kavu ya mmea, isiyo maji, inakuwa kati ya asilimia 30 na 35. Ukiwahi, maji yanachuruzika na sukari. Ukichelewa, haushindiliki, hewa inabaki ndani na ukungu unaingia. Shindilia kwa trekta tabaka kwa tabaka, funika siku hiyohiyo. Ujerumani mitambo mingi inalishwa sileji ya mahindi kwa mtindo huu.

Tope linalotoka mtamboni lirudishe shambani. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu karibu zote zimo, bakteria wamechukua kaboni tu.

shamba_nishati: Asante sana. Kwa hiyo nipande mahindi peke yake kama Ujerumani, mwaka hadi mwaka?

tope_ni_mali: Hapana! Mahindi yanaacha udongo wazi muda mrefu na mmomonyoko unaingia. Zungusha na mtama, na weka kunde katikati. Mtama unavumilia ukame kuliko mahindi. Shayiri ukiivunia punje, mabua usiyamalize. Acha sehemu ioze shambani, hasa kwenye mteremko.

fundi_boila: Naunga mkono. Mabua machache yaliyooshwa na mvua nitayachoma kwa moyo mmoja, punje hapana.

tope_ni_mali: Kabla ya kupanda, pima umbali wa shamba hadi mtamboni. Sileji ni maji kwa sehemu kubwa, na kuisafirisha mbali kunakula faida yote.