Nataka vitabu vyepesi vya usiku, visivyo na msiba

Bint_Likoni: Assalaam aleikum jamaa. Mimi ni nesi, wodi yangu ya wagonjwa mahututi. Jioni navuka feri, nakoga, nachemsha chai ya tangawizi, nataka kusoma. Lakini kila riwaya ninayoazimwa ni yatima, mume katili, mtu kafa ukurasa wa 10. Nshachoka kulia! Nataka kitabu ambacho jambo zito kabisa ni kuku wa jirani kupotea. Kaka yangu asema huko ni kuyakimbia maisha, eti mtu mzima husoma vizito. Nisome nini?

Kashata_Moja: Dada, kakako na ashinde wodini siku moja kisha arudi tuzungumze. Jaribu vile vya Mma Ramotswe, mpelelezi wa Gaborone, vilivyoanza kutoka 1998. Ni vya Kiingereza, lakini chepesi. Ana kigari chake cheupe, na chai ya rooibos haimtoki mkononi. Kesi nyingi ni za waume wenye siri na matapeli wadogo wadogo. Ila kile cha kwanza kina kisa cha mtoto aliyetoweka, na ndoa yake ya zamani inauma. Hapo ruka.

MzeeWaBarazani: Binti yangu, mbona wapelekwa Botswana na Unguja iko hapa karibu? Bwana Msa, yule mpelelezi, na kiko chake! Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammad Said Abdulla, 1960. Kiswahili chake kitamu, msomee mtu kwa sauti.

Kashata_Moja: Shikamoo mzee wangu. Lakini humo mna maiti mzimuni! Dada kasema hataki msiba.

MzeeWaBarazani: Marahaba. Maiti imo, sikatai. Lakini msomaji hana nafasi ya kulia, yuashughulika na fumbo, na ajua Msa atalitegua tu.

Upepo_wa_Kusi: Mimi nikichoka nasoma vitabu vya mapishi, kitandani. Humo hafi mtu, afa kuku.

Bint_Likoni: Mmenichekesha, ahsanteni. Naanza na Mma Ramotswe, hicho kipande nitakiruka. Mzee, Bwana Msa nimemwekea likizo, nisimsome nimetoka zamu. Na wewe Upepo, Mungu akusamehe: jana saa sita usiku nilikuwa nasoma halwa, iliki na zafarani zote, na nyumbani hamna hata sukari.