Msongamano rumande Nairobi: je, jela ya kaunti ndiyo dawa?

Shangazi wa Kayole aliuliza:

Hamjambo nyote. Mpwa wangu, kijana anayefanya kazi ya utingo, alishtakiwa kwa wizi wa simu. Alikana shtaka, na hakimu akampa dhamana ambayo ukoo wetu mzima umeshindwa kuichanga. Sasa yuko rumande katika gereza moja hapa mjini, na kila nikienda kumwona ananieleza kwamba seli imejaa kiasi cha wao kulala kwa ubavu, na mmoja akigeuka inawabidi wote wageuke. Jirani yangu anashikilia kwamba dawa ni kaunti ya Nairobi kujenga jela yake, kama zifanyavyo kaunti za Marekani. Je, sheria inaruhusu? Na kama hairuhusu, familia kama yetu ifanye nini?

Msaidizi wa Sheria alijibu:

Pole sana, shangazi. La kaunti ni fupi: magereza ya Kenya, kuanzia Kamiti hadi Lang'ata wanakofungwa wanawake, ni ya serikali ya kitaifa, na gavana hana seli wala askari jela. Tena jirani yako angeutazama vizuri mfano wake, kwa kuwa wengi wanaojaza jela za kaunti huko Marekani ni watu ambao kesi zao hazijaamuliwa, na baadhi yao wamo kwa kukosa pesa za dhamana tu, sawa na huyo mpwa wako.

Mlango wa kubisha ni wa mahakama. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kuachiliwa kwa bondi (ahadi ya kulipa iwapo atatoroka) au dhamana, kwa masharti yanayofaa, isipokuwa pakiwa na sababu nzito za kumzuia. Na Mwongozo wa Sera ya Bondi na Dhamana wa 2015 unaitaka mahakama iangalie hali ya mshtakiwa mwenyewe inapopanga kiasi. Kwa hiyo mpwa wako anaweza kuomba mbele ya hakimu yuleyule apunguziwe masharti, na aombe pia ripoti ya afisa wa probesheni, ambaye huchunguza anakoishi mshtakiwa, jamaa zake na kazi yake, kisha huieleza mahakama kama ana mizizi ya kumfanya arudi siku ya kesi. Hakimu akikataa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kupunguza dhamana hiyo kwa mujibu wa kifungu cha 123 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai.

Askari Jela Mstaafu alijibu:

Naunga mkono. Watu hulaumu gereza, lakini mkuu wa gereza hana ruhusa ya kumkataa mtu aliyeletwa na hati ya mahakama, hata kama seli imefurika. Anachoweza ni kuhesabu vichwa na kutafuta mablanketi. Asubuhi mahabusu hupakiwa kwenye lori kwenda Makadara, Kibera au Milimani, na jioni wengi hurudi na tarehe mpya tu, kwa sababu shahidi hakufika au faili ya polisi haikuletwa. Katika seli isiyopitisha hewa, mtu mmoja mwenye kifua kikuu ni hatari kwa wote.

Lililonisumbua zaidi kazini lilikuwa jingine. Mfungwa aliyehukumiwa anajua siku ya kutoka, na akiwa na nidhamu huweza kupunguziwa theluthi ya kifungo. Mahabusu hana siku yoyote ya kuhesabia. Ndiyo maana wako wanaokiri makosa ambayo huenda hawakuyatenda, ili mradi wapewe kifungo kifupi chenye mwisho unaojulikana. Mwonye kijana asije akashawishika.

Muuza Simu wa Luthuli aliandika:

Mnasahau walioibiwa. Mtu aliyevunja kibanda changu alipewa dhamana nafuu, akatoweka, na kesi ikafia hapo. Mkilegeza zaidi, sisi tutakimbilia wapi?

Msaidizi wa Sheria alijibu:

Ndugu, hofu yako ni halali, na Ibara hiyohiyo ya 49 inamruhusu hakimu kumzuia mtu anayeelekea kutoroka au kuwatisha mashahidi. Ubaya wa kutegemea pesa ni kwamba zinapima mfuko: mwizi mwenye mtandao hulipiwa siku hiyohiyo, utingo akabaki ndani. Fikiria pia kwamba wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, una adhabu isiyozidi miaka 3, na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998, inayomruhusu hakimu kumpa mkosaji kazi za umma badala ya kumfunga, inahusu makosa ya kiwango hicho. Hivyo kijana huyu anaweza kukaa rumande miezi mingi akisubiri hukumu ambayo, hata akipatikana na hatia, huenda ikawa ni kufagia uwanja wa hospitali na kurudi kulala kwao. Mimi naona huo ni uonevu, na tena ni hasara kwa mlipa kodi anayemlisha.

Shangazi wa Kayole aliandika:

Nawashukuru. Je, ni lazima kwanza nipate barua ya chifu?

Msaidizi wa Sheria alijibu:

Si lazima, ingawa humsaidia afisa wa probesheni kuthibitisha makazi. Nenda masijala ya mahakama ukiwa na namba ya kesi, uulizie afisa anayehudumu hapo, na umpelekee kijana ujumbe kabla ya siku ya kutajwa kesi, kwa sababu ombi anaweza kulitoa mwenyewe kwa mdomo akiwa kizimbani.