Mrejesho: sato wa kubanika waliokuwa wanatoka weusi na wachungu

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Miezi minne iliyopita niliuliza kwa nini sato ninaobanika wanatoka weusi na wachungu, hadi mteja akanirudishia ndoo nzima. Nilikuwa nachomea mabanzi ya msonobari, kwa kuwa yanapatikana bei rahisi. Mkaniambia utomvu wake ndio unaoleta masizi na ule uchungu.

Ni kweli kabisa. Mabanzi nimeyaacha. Sasa moto nauanzisha kwa mgunga, makaa yake ni mazito na yanadumu, kisha kwa ajili ya moshi naongeza mpera au mwembe. Samaki wanatoka rangi ya kahawia inayong'aa.

Kilichonisumbua zaidi ni ubichi wa kuni. Mwembe wa kwanza niliuchoma haujakauka, ukafuka moshi mweupe mzito na uchungu ukarudi palepale. Nikapasua vipande vyembamba, nikavipanga juu ya matofali, bati juu, pembeni wazi upepo upite. Sasa nikivigonganisha vikalia ko! ko! ndipo navichoma.

Dada aliyenionya nisichome minyaa, ile mimea ya uzio yenye utomvu mweupe, Mungu akubariki. Nilikuwa nimekata uzio wa minyaa na kuutenga kwa ajili ya jiko hilohilo, na watoto wangu hucheza pale. Utomvu ule ukiingia machoni ni hatari.

Yule mteja amerudi, Jumamosi kachukua sato 20. Mkaratusi sijaujaribu; aliyewahi kubanikia anieleze ladha yake.