Tupeane uzoefu: umelipa deni lakini rekodi bado chafu, ulijinasuaje?

Mwaga Saruji (mleta mada)
Wakuu habari za baridi. Mi nina kaduka ka vifaa vya ujenzi hapa Uyole, njia ya Igawilo. Mwezi wa tatu nikawaza nikope milioni 8 nijaze bati na saruji mapema, maana mnajua huku mvua ikishakata kila mtu anakumbuka nyumba yake haina paa. Nikaenda benki, dada wa mikopo akaja dukani akapiga picha, akahesabu mifuko mpaka ile iliyoganda, akasema kaka wewe huna shida, siku tatu tu.

Siku ya tatu anapiga simu sauti imebadilika, "kaka kuna kitu kwenye rekodi yako". Nikauliza kitu gani, akasema deni, shilingi 23,500. Nilicheka aisee, nikajua ananitania. Kumbe kuna laini niliisajili kwa NIDA yangu mwaka 2020 nikampa mdogo wangu alipokuwa anaenda Chunya kwenye dhahabu, dogo kachukua mkopo wa simu, laini ikapotea huko huko machimboni na deni likabaki linanisubiri mimi. Nikapiga *106# kuangalia namba zangu, zikaja tano na mbili sizijui kabisa!

Deni nikalilipa siku hiyo hiyo, nikarudi benki kifua mbele, naambiwa bado inasoma. Wiki mbili baadae inasoma. Sasa naomba wale mliopita huku mtupe uzoefu, mlilipa madeni kwa mpangilio gani na rekodi ilinyooka baada ya nini. Wenye matusi wapite kimya.

Mama Mitumba
Pole baba. Mi nilikuwa na kibanda soko la SIDO hapo Mwanjelwa, ule moto wa Agosti 2017 nilifika alfajiri nakuta bado panafuka, marobota yangu matatu yamekuwa kitu cheusi kimeshikana kama lami. Na benki wananidai milioni 4 na laki moja, zimebaki rejesho 14.

Jirani yangu wa kibanda akatupa laini akakimbilia Tunduma. Mi nilikuwa na mtoto anasoma hapa hapa nikimbilie wapi, nikaenda serikali ya mtaa nikachukua barua, nikapiga picha yale majivu, nikaingia benki kabla ya tarehe ya rejesho. Hapo ndo pa kushika jamani, KABLA ya tarehe. Meneja alinisikiliza, wakanipangia upya kutoka miezi 14 ikawa 24, rejesho likashuka. Riba ya jumla iliongezeka ndio, sikatai, lakini sikusomeka mtoro, na mwaka 2020 nilikopa tena pale pale. Jirani karudi kutoka Tunduma, mpaka leo akigusa benki anaambiwa mama subiri kidogo, anasubiri.

Nilipokosea ni katikati pale, nilichukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, laki tano ili nisimame, narudisha elfu 22 kila siku kwa siku 30, hata Jumapili. Piga hesabu mwenyewe ni laki sita na sitini. Nikauza mpaka kitenge cha harusi. Na ukimaliza hakuna mahali panaposomeka kwamba huyu mama kalipa, jasho lote lile halikunisaidia kwenye rekodi hata chembe. Kwahiyo ukiwa na madeni mawili ya aina hiyo, la benki lipe kile kile walichopanga usipitishe siku, nguvu zote zilizobaki kaue kausha damu kwanza.

Ticha wa Mufindi
Kamwene! Mama umeongea. Mimi kadi yangu ya benki ilikaa kwa mtu aliyenikopesha Mafinga mjini miezi 14, kadi na namba ya siri, mshahara ukiingia anatoa yeye ananiletea chenji kama mtoto wa shule. Hapo bodi ya mikopo ya elimu ya juu wameshakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, benki wamekata kwao, mi nabaki na ile theluthi ya mshahara ambayo sheria inakataza kukatwa na hiyo theluthi ndo iko mfukoni mwa jamaa.

Watu wanalaumu sana bodi, lakini ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilipofutwa 2021 deni langu likaanza kuonekana linashuka, kabla ya hapo nilikuwa kama natwanga maji. Ugonjwa wangu ulikuwa topapu, yaani kuongezewa mkopo juu ya mkopo ambao haujaisha. Kila mkopo wa benki ukifika katikati nakimbilia topapu, napewa milioni moja na nusu mkononi na miaka inaanza upya. Nimefanya hivyo mara tatu. Nilipoacha topapu na nikamlipa yule jamaa kwa hela ya viazi (nililima ekari moja na shemeji) ndo nikapumua. Kadi ilirudi imefutika hadi jina.

Mnyaki wa Houston
Ugonile bandugu. Kwetu Tukuyu ila nipo Marekani, huku mchezo ni kadi za mkopo na wenzetu wanampa kila anayekopa alama za ulipaji wake, FICO, kuanzia 300 hadi 850. Bila alama nzuri hupangi nyumba vizuri na gari unauziwa kwa riba ya kukomoana.

Mi nilikuwa na kadi mbili, moja limiti dola 5,000 nadaiwa 4,800, nyingine ya zamani limiti 3,000 nadaiwa 600. Riba asilimia 24 kwa mwaka. Ile kubwa nikawa nalipa kile kiwango cha chini wanachodai, 144, najiona mlipaji mzuri kumbe dola 96 ni riba ya mwezi tu, deni lenyewe linapungua 48. Siku nimekaa na karatasi nikaligundua hilo sikula. Nikaanza na ile ndogo ya 600 nikaiua haraka, hesabu inasema uanze na yenye riba kubwa ila kwangu zilikuwa zinalingana na nilihitaji kuona kitu kinakufa, halafu ile hela yote nikaihamishia kwenye kubwa.

Kosa sasa. Kubwa ilipofika 2,400 nikafurahi nikaifunga ile kadi ya zamani, nikaikata na mkasi kabisa. Alama zikashuka! Maana wanaangalia unatumia kiasi gani cha limiti zako zote, nilikuwa 2,400 kwenye 8,000, yaani asilimia 30, kuifunga tu nikawa 2,400 kwenye 5,000, asilimia 48. Ningeiacha kwenye droo inakaa bure. Kulipa kwa wakati ndo uzito mkubwa, asilimia 35 ya alama, na kuchelewa siku 30 kunakaa kwenye ripoti miaka saba. Nikaweka kiwango cha chini kijilipe chenyewe kila mwezi, cha ziada nalipa kwa mkono siku ya mshahara.

Parachichi Hass Njombe
Mi kifupi. Nilikopa mkopo wa miezi 24 wa kupanda parachichi, rejesho linaanza mwezi unaofuata, na Hass inakupa kitu cha maana mwaka wa tatu. Nilikuwa nadaiwa na mti ambao haujatoa hata ua. Msikope hela ya kila mwezi kwa zao lisilo la kila mwezi, ulizeni mkopo wa msimu. Niliuza mbao ndo nikalipa.

Boda wa Kabwe
sasa mkuu ile 23,500 iliishaje

Mwaga Saruji (mleta mada)
Nimerudi wakuu, ndaga fijo kwa wote. Iliisha hivi, dada wa mikopo alinishtua kwamba kulipa ni kitu kimoja na aliyekukopesha kupeleka taarifa kwamba umelipa ni kitu kingine. Nikaenda ofisi ya wale wa mkopo wa simu nikadai barua ya kumaliza deni, nikaomba na ripoti yangu kule Creditinfo, wale wanaotunza rekodi za wakopaji, nione kwa macho yangu. Barua nikaipeleka benki, nikawabana na wale wa simu wasahihishe, simu kila asubuhi mpaka wakanizoea sauti. Wiki ya tano ikasoma sifuri.

Benki wamenipa milioni 5 badala ya 8 na mvua ilishakata siku nyingi, wenzangu wameshauza. Zile laini mbili nisizozijua nimezifutisha. Dogo kanuna, anasema namuaibisha kwa hela ya soda.

Boda wa Kabwe
bati geji 30 unauzaje kaka, ila sina keshi yote

Mwaga Saruji (mleta mada)
Piga *106# kwanza halafu njoo dukani.