Baba na mama wote Wakongomani? Watu wa Lubumbashi, tuambiane ukweli

Ndugu zangu wa Lubumbashi, nanyi wa Likasi na Kolwezi, miji yetu ya migodi ya Katanga, nafungua mjadala huu nikijua utawauma wengine.

Mnakumbuka mpango wa sheria uliowekwa bungeni Kinshasa Julai 2021 na mbunge Nsingi Pululu, kwa wazo la mwanasiasa Noël Tshiani: kiti cha rais na vyeo vikubwa vya nchi vipewe tu mtu ambaye baba na mama yake wote ni Wakongomani. Huku kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa nani analengwa. Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wetu wa Katanga, alizaliwa Kashobwe, mama Mkongomani, baba Myahudi wa kisiwa cha Rhodes. Mji ulikasirika, na mimi pia. Tulisema mtoto wa tumbo la mama yetu ni wetu. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 ilikuwa upande wetu, maana inasema mtoto ni Mkongomani tangu kuzaliwa ikiwa mzazi mmoja, baba au mama, ni Mkongomani. Uchaguzi wa Desemba 2023 ulifika mpango ule haujapitishwa, Katumbi akagombea, akatoka wa pili.

Swali langu ni hili. Sisi tuliomlilia mtoto wa Mzungu, mbona hatumlilii mtoto wa Mkasai, mtu wa asili ya mkoa wa Kasai, aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi, komine (wilaya) ya Kenya?

Babu yangu alitoka Kasai wakati Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilipokuwa ikitafuta mikono ya kuchimba shaba. Baba alizaliwa Likasi. Mama ni Mulamba wa Sakania. Mimi kitovu changu kilizikwa Lubumbashi, naota ndoto kwa Kiswahili hiki, na Tshiluba, lugha ya Kasai, najua salamu tu. Mwaka jana nilipeleka dosie (faili) ya kuomba kazi kwenye ofisi moja mjini. Karani akasoma jina langu, akauliza: “Origine?” yaani asili. Nikajibu Lubumbashi. “Hapana, papa, nauliza kwenu.” Nikamwambia kwetu ndiyo hapa. Akaandika Kasai bila kuniangalia, akaiweka dosie chini kabisa ya zile nyingine.

Sikumchukia yule kijana. Swali lile alilikuta mezani. Hata kadi ya uchaguzi, ambayo kwa miaka mingi ndiyo kitambulisho chetu, ina mstari wake wa origine, nao haujali ulizaliwa wapi wala umekula bukari (ugali) ya wapi maisha yako yote.

Na sisi ndio tunaojua swali hilo linafika wapi. Agosti 1992 Kongamano la Taifa lilimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Gavana wetu alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na watu wa Kasai walikuwa wakiitwa bilulu, wadudu. Likasi watu walitolewa nyumbani, wakalala stesheni wiki kwa miezi wakingoja treni. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Watu laki kadhaa walirudishwa “kwao”, mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kukanyaga. Shangazi yangu alizika mtoto njiani. Mpaka alipokufa hakukubali kutaja ni kituo gani.

Wabelgiji walikuwa wameshapima damu kabla yetu. Watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika walinyang’anywa mama zao, wakapelekwa kulelewa kwenye misheni. Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ilisema kwamba yale waliyofanyiwa wanawake watano wa aina hiyo, waliozaliwa hapa Kongo, ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ilichukua zaidi ya miaka 70 kwa neno hilo kutamkwa.

Ninachosema ni kwamba kipimo ni kimoja. Anayemwambia Katumbi “baba yako si wa hapa” na anayeniambia mimi “babu yako si wa hapa” wanatumia mizani ile ile. Hatuwezi kuivunja mizani hiyo kule Kinshasa tukaitunza hapa Lubumbashi. Nijibuni.

Wa Katuba:

Yaya, kaka yangu, pole kwa shangazi yako. Lakini unachanganya mambo mawili. Katumbi alitaka haki ya kugombea. Hapa tunaongea chakula. Mgodi uko kwetu, vumbi tunavuta sisi, mito inayochafuka ni yetu, na ukienda kuomba kazi unakuta mkubwa wa ofisi amekwisha kuita ndugu zake. Treni inashusha vijana kutoka Kasai, kesho yake wamekuwa manseba, waendesha teksi za pikipiki, wamejaa barabara nzima. Mtu wa Sakania akienda Mbuji-Mayi, huko Kasai, atapewa ukubwa wa ofisi? Nijibu hilo kwanza. Mimi siwaiti watu wadudu, na baba yangu hakuwaita. Ila mwenye nyumba naye ana haki ya kula.

Mama wa Kampemba:

Mimi sina siasa. Binti yangu ana miaka 9, baba yake ni Mlibani, alirudi kwao mtoto akiwa hajaanza kutembea. Shuleni wanamwita muzungu. Wanamuuliza, utarudi lini kwenu? Huyu mtoto hajavuka hata Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mwezi uliopita aliniomba nimpake kitu awe mweusi kama mimi. Mnamtaja Katumbi sana, lakini yeye ana pesa na mawakili. Binti yangu ana mimi tu.

Aliyefungua mjadala:

Mama, maneno yako nimeyasoma mara tatu.

Mdogo wangu wa Katuba, kuhusu Mbuji-Mayi nakubali: huko nako wapo wanaofunga mlango, na ni ubaya ule ule. Kuhusu kazi pia sikupingi. Mkubwa anayepeana kazi kwa lugha ni mwizi, awe wa Kasai au wa hapa, na kijana aliyekulia kwenye vumbi la mgodi anastahili kuitwa kwanza. Basi tuhesabu makazi: amekaa hapa miaka mingapi, amesomea wapi. Kifungu cha 13 cha Katiba kinakataza kumnyima Mkongomani shule au kazi ya serikali kwa ajili ya kabila, rangi, au asili ya familia yake. Kwa hesabu ya makazi wewe unaingia, mimi naingia, na binti ya mama huyu anaingia.

Miaka kumi ijayo atakuja mjini na dosie yake mkononi. Tuseme wewe ndiye umekaa nyuma ya ile meza. Kwenye mstari wa origine utamwandikia nini?