Ulinganisho: mwindaji mgeni anarudishiwa VAT wapi? Limpopo, Tanzania, Kanada, Dubai, Ujerumani

NjiroSafari (mleta mada)
Wakuu, habari za leo. Nina mteja wa Muscat, mzee wa watu, Kiswahili chake cha Unguja kabisa. Anataka kuwinda mwakani na ameshapewa bei mbili: moja ya shamba la wanyama Limpopo, Afrika Kusini, nyingine ya kitalu cha uwindaji huku kwetu Tanzania. Nikajua ataniuliza habari za nyati na tandala. Wapi! Swali lake ni moja: "Mwanangu, VAT nitarudishiwa wapi?" Kuna mtu barazani kwao amemwambia alirudishiwa VAT ya safari nzima pale uwanja wa ndege wa OR Tambo, Johannesburg. Pia anataka darubini mpya na anauliza ainunue Dubai au Ujerumani. Wenye uzoefu nisaidieni, nataka nimjibu kitu cha uhakika.

FundiNgozi
Mkuu, huyo wa barazani alirudishiwa ya viatu na koti, akasimulia kama ya safari. Nimefanya kazi kwenye karakana ya nyara (vichwa na ngozi za wanyama waliowindwa) huko Limpopo, na wageni wengi huchanganya hapo hapo.

VAT ya Afrika Kusini ni 15% tangu Aprili 2018, kabla ya hapo ilikuwa 14%. Mgeni hurudishiwa ya bidhaa anazotoka nazo nchini: ziwe zimetoka ndani ya siku 90 tangu kununuliwa, awe na ankara ya kodi, na ununuzi uzidi randi 250. Ada ya siku, malazi, mwindaji bingwa, gari la porini na chakula ni huduma alizozitumia humo humo nchini. Kodi ya hizo imekwenda.

Nyara ina habari yake. Kichwa cha tandala hupandi nacho ndege. Kinabaki karakana, kinachemshwa, kinatiwa dawa, kinafungwa, na kinasafirishwa miezi baadaye. Kwa hiyo dirisha la watalii pale uwanjani halikihusu. Lakini karakana ikisimamia yenyewe kukipeleka nje, kazi yake hutozwa 0%, kwa kuwa ni kazi iliyofanywa kwenye mali inayotoka nchini. Mteja akisema "nipeni tu, wakala nitajitafutia", anaweza kutozwa 15% kwanza, kisha aanze kuhangaika na makaratasi ya kuidai. Kazi ya kukausha nyara si pesa ndogo, hasa akitaka mnyama mzima wa kusimamisha sebuleni. Mambo hayo yanapangwa na karakana kabla hajapiga risasi ya kwanza.

MtuWaTabora
Naunga mkono. Huku Tanzania Bara VAT ni 18%, na siku alizokaa porini asitegemee mtu wa kumrudishia. Muulize kwanza bei alizopewa zimejumuisha VAT au la. Wengine huandika "bila VAT" kwa herufi za kumtafuta mchwa. Chukua mfano wa dola 12,000 bila VAT, yote ikiwa ni huduma inayotozwa: Afrika Kusini atalipa 13,800, Tanzania 14,160. Ikiwa 12,000 ya Limpopo imeshajumuisha, kodi iliyomo humo ndani ni kama dola 1,565. Anaweza kuona Limpopo ni ghali kuliko Tanzania kumbe mmoja amesema yote na mwingine kaificha kodi.

Halafu ada za serikali zinazokwenda TAWA (mamlaka ya wanyamapori), leseni na usafiri wa ndege ndogo ziandikwe kila moja mstari wake. Akipewa jumla moja tu hawezi kujua kodi imekaa juu ya nini.

Ila kusema kweli kulinganisha hivi viwili kwa kodi ni kumpotosha mzee. Limpopo mara nyingi ni shamba lenye uzio, siku saba na amemaliza. Huku ni kitalu cha wazi, na akitaka simba au tembo ni leseni ya siku 21. Tofauti ya asilimia tatu haifiki hata bei ya siku mbili za kambi.

PwaniTu
Mbona Kenya mmeiruka? VAT yetu ni 16%, tuko katikati 😀

MtuWaTabora
Mombasa bwana! Kenya uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku 1977. Mtalii wenu akipiga picha alipe hiyo 16% aende zake.

EdmontonBaridi
Niongeze ya huku, maana mzee akisikia dubu wa Kanada atakuuliza tu. Mgeni kutoka nje hapa Alberta kwa kawaida hawindi wanyama wakubwa bila kampuni ya waongozaji, kwa hiyo ankara ni kubwa na GST (kodi ya mauzo ya Kanada nzima, ndiyo VAT ya huku) yake ipo. Zamani mgeni alikuwa anadai. Mpango wa kuwarudishia wageni ulifutwa Aprili 2007. Ukabaki mwanya wa sehemu ya malazi kwenye vifurushi vya safari, ambao waongozaji wa uwindaji na uvuvi waliupenda sana, nao bajeti ya Machi 2017 ikaufunga. Tatizo ni kwamba kuna mawakala ambao kurasa zao bado zinasema "utarudishiwa kodi". Hakuna.

Kilichobaki ni kuchagua mkoa. Alberta haina kodi ya mauzo ya mkoa, ni GST 5% tu. Yukon vivyo hivyo. Newfoundland ni 15%. Kwenye ankara ya dola 10,000 za Kanada, hiyo ni 500 dhidi ya 1,500. Kwa mtu ambaye hajali awinde mkoa gani, hapo kuna pesa ya kweli.

BintSur
Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, nadhani mzee wako ni wa rika la baba yangu, hao hawaachi hata baisa ipotee. Kuhusu Dubai: VAT ni 5% tu tangu 2018. Mgeni akinunua kwa dirham 250 au zaidi kwenye duka lililo kwenye mpango, hurudishiwa 85% ya hiyo VAT, wakitoa dirham 4.80 za kila hati. Kitu cha dirham 10,500 kina VAT ya 500, mkononi itafika 420.20. Si mbaya, lakini si ya kufungia safari.

Mkumbushe na upande wa pili. Nyara ikifika Muscat kama mzigo, forodha inaweza kumtoza ushuru wa kawaida wa nchi za Ghuba, 5%, na juu yake VAT ya Oman ya 5% iliyoanza Aprili 2021. Asishangilie 0% ya Limpopo akasahau ya nyumbani.

KakaWaKassel
Kwa darubini Ujerumani inaishinda Dubai kwenye marejesho, mradi mzee awe na safari ya huku, asije kwa ajili hiyo. VAT ni 19%, kima cha chini ni zaidi ya euro 50. Darubini ya euro 2,380 ina kodi ya 380 ndani yake. Duka likiamua kumrudishia lenyewe anaweza kuipata yote, akipitia kampuni za marejesho zinakata chao, na kinachokatwa kinauma. Awe anaishi nje ya Umoja wa Ulaya, na apige muhuri wa forodha kwenye kituo chake cha mwisho cha Umoja. Akiunganisha ndege Paris na darubini iko mkobani, muhuri ni Paris. Ana hadi mwisho wa mwezi wa tatu baada ya mwezi aliponunua awe ameshatoka nayo.

London asijisumbue, Uingereza ilifuta marejesho ya wasafiri Januari 2021.

MsukumaTexas
NjiroSafari, ukiwa na wateja wa Marekani waambie wapitishe bunduki na darubini zao forodha kabla ya kuondoka, wagongewe Fomu 4457. Inathibitisha vitu vilikuwa vyao tangu mwanzo, wakirudi hawadaiwi ushuru. Tena polisi wa Afrika Kusini huitazama pamoja na ile SAPS 520, fomu yao ya kuingiza bunduki kwa muda.

NjiroSafari
Asanteni sana wakuu. Namwandikia mzee hivi: kambini harudishiwi popote, kazi ya nyara aiache karakana isafirishe, na bei zote mbili nizirudishe zikachambuliwe upya pamoja na VAT. Darubini atanunua Frankfurt maana anapita huko kumwona mwanawe.

FundiNgozi
Sawa mkuu. Moja tu: akinunua chochote Johannesburg, forodha wavikague kabla sanduku halijaenda kwenye mizigo. Wengi huwakumbuka wakiwa wameshapita pasipoti, koti liko tumboni mwa ndege.