Kadi ya zamani ya Wayne Gretzky, niuze au nitulie?

Mpare_wa_Edmonton: Wakuu habari zenu. Niko huku Kanada, juzi nimenunua boksi la makorokoro kwa mzee mmoja anayehama, ndani nikakuta kadi ya picha ya mchezaji wa hoki ya barafuni, zile watu wanazokusanya, Gretzky kavaa jezi ya Oilers, timu ya huku Edmonton, fremu ya bluu, nyuma namba 18. Kingo zake zimechakaa kama zimetafunwa na panya nikajua feki, ila jamaa wa duka la kadi kaiona tu kaniambia anatoa dola 200 keshi hapo hapo. Nimpe? Na huyu Gretzky ana nini mpaka watu wanamuongelea hivi?

babu_tungaraza: Usimpe!! Geuza nyuma, ukikuta Kiingereza na Kifaransa hiyo ni ya kampuni ya O-Pee-Chee ya Kanada, Kiingereza peke yake ni Topps ya Marekani, picha ile ile lakini bei mbali kabisa. Kingo zisikutishe, O-Pee-Chee walikuwa wanakata kwa waya ndo maana zinatoka na nyuzinyuzi. O-Pee-Chee moja yenye alama 10, ya juu kabisa, ya PSA (kampuni inayopima ubora wa kadi) iliuzwa dola milioni 3.75 mwaka 2021, ila usianze kuchagua kiwanja Kigamboni, za 10 ni za kutafuta kwa tochi, hiyo bluu ikibanduka kidogo tu weupe unaonekana na alama zinashuka.

Shangazi Mtata: Mpunguzeni presha jamani, kadi hii feki zake zimejaa. Chukua lenzi, picha ya orijino ni vidoti vidoti lakini herufi nyeusi zimejaa wino, ukiona herufi nazo zina vidoti basi mtu kaskani akaprinti.

winga_teleza: Kuhusu jamaa mwenyewe, hiyo ni kadi ya msimu wake wa kwanza NHL, ligi kuu ya hoki, 1979-80, akamaliza na pointi 137 (magoli ukijumlisha na asisti, yaani pasi za magoli) na tuzo ya mchezaji bora wa ligi, ila ya chipukizi wakamnyima eti alishacheza ligi nyingine, WHA 😂. Makombe manne na Oilers, 1988 wakamuuza Los Angeles Kings, nchi nzima ikalia. Asisti zake 1,963, yaani futa magoli yote 894 bado hakuna mwenye pointi nyingi kama yeye. Mrusi Ovechkin kampita magoli 2025, asisti hamgusi.

Mpare_wa_Edmonton: Kifaransa kipo wakuu!! Lenzi natafuta kesho. Ina vumbi, nifute na kitambaa chenye maji?

Shangazi Mtata: WEWE! Usiguse na maji. Weka kwenye plastiki ngumu, tuma wakaipime, na huyo wa dola 200 mwambie mke kakataa.